Samaki wa Kumwinua Honi Kitini

Kabla kiharusi hakijampiga, mume wa Mama Mwiko alikuwa mtu wa maneno. Aliendesha lori la mizigo tangu ujanani, na watu walimwita Honi, si kwa ajili ya lori bali kwa ajili ya mdomo. Akirudi safari, mtaa mzima ulijua amekula nini njiani na amegombana na nani. Mkewe, mpishi wa shule aliyestaafu na jina lake la mwiko, alikuwa akimwambia, "Baba, punguza sauti, masufuria yanaogopa."

Kisha asubuhi moja akaanguka akifunga kamba za viatu. Hospitali ilimrudisha akiwa hai, na kwa hilo Mama Mwiko alipiga magoti. Lakini mkono wa kulia ulilala, mguu ukawa wa kuburuta, na yale maneno yote yakakwama kooni. Mtaalamu wa mazoezi alimwachia fimbo na agizo la kutembea kila siku. Honi akaiegemeza fimbo ukutani, akakaa barazani kutazama ukuta wa jirani. Ukimwambia atembee, anageuza uso. Mkewe hakumlaumu. Mtu aliyevuka mipaka na lori, utamtembezaje kutoka barazani hadi bafuni?

Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo walilochimba udongo wa matofali wakati wa kujenga. Likijaa mvua, mbu walifanya harusi humo. Mdogo wake Honi, fundi bomba, alipokuja kumwona kaka yake, alisema lifukiwe. Mama Mwiko akalitazama kwa muda.

"Shemeji," akasema, "na tukitia samaki?"

Shemeji akakuna kichwa, kisha akavua shati. Alilipanua shimo, akashindilia kuta zake, akaleta bomba la kuingiza maji na jingine la kuyatoa yakizidi. Shimo likawa bwawa, dogo kama chumba cha wageni. Ugomvi ukaanzia kwenye samaki.

"Kambale, shemeji," fundi alishikilia. "Kambale ni kama mimi. Hana masharti, anakula chochote, na maji yakichafuka halalamiki."

"Na kama wewe, hashibi."

Walikwenda pamoja kwa mama mmoja aliyefuga samaki nje kidogo ya mji. Matangi yake ya saruji yalijipanga chini ya wavu mweusi, naye alikuwa amekunja suruali hadi magotini, mikono inanuka pumba.

"Mnataka wa kula, wa kuuza, au wa kutazama?" aliuliza.

Mama Mwiko akajibu bila kufikiri, "Wa kumwinua mtu kitini."

Mfugaji akaweka ndoo chini. "Mgonjwa?"

"Mume wangu."

Mfugaji akaokota ndoo. Aliwapeleka kwenye tangi la kambale, akamwaga konzi ya chakula. Maji yakajipindua mara moja, kisha kimya. "Huyu ni mtu wa chini. Utamlisha hadi akue kama paja la mtoto, na sura yake huijui." Akahamia tangi la pili, akamwaga konzi nyingine. Perege wakapanda wote, midomo wazi, maji yakawa kama yanachemka. "Hawa hawana adabu mezani, lakini wana uso."

Kasoro yao alieleza pia: wanazaa bila mpango, na bwawa dogo hujaa watoto wasiokua. "Wakishakuwa wakubwa, njoo nikupe kambale wachache wapunguze hao watoto. Si sasa. Kambale hana undugu, atawamaliza wote."

"Si nilisema kambale?" shemeji akadakia.

Mama Mwiko alikuwa ameinama juu ya tangi la pembeni. Humo mlikuwa na perege wekundu, wekundu wa nyanya inayoanza kuiva.

"Wale wanapendeza," mfugaji akasema, "ila sikufichi. Ukiwaona wewe, na ndege anawaona. Usipowafunika wavu, lazima mtu awalinde."

"Mtu yupo," Mama Mwiko akasema. "Nipe wekundu."

Nyumbani samaki walielea kwanza ndani ya mifuko yao ili wazoee maji, kama walivyoelekezwa, kisha wakafunguliwa wakatokomea. Kiti cha Honi kikahamishiwa nyuma ya nyumba, kikatazama bwawa. Siku zikapita, chakula kikamwagwa, na hakuna aliyejitokeza. Shemeji, ambaye alikuwa amesharudi kwake, alipiga simu kuuliza, akaambiwa, "Labda wanasoma mazingira." Moyoni, Mama Mwiko alianza kuogopa kuwa amelima maji.

Asubuhi moja akiwa jikoni anaosha vyombo, alisikia sauti kama ya ng'ombe aliyekanyagwa. Akachungulia dirishani. Kiti kilikuwa kitupu. Korongo mweupe alikuwa amesimama ukingoni mwa bwawa, na Honi alikuwa katikati ya uwanja, fimbo mkono wa kushoto, mguu unachora mstari mavumbini, anamkaripia ndege yule kwa ukelele usio na maneno. Korongo akaruka zake.

Mama Mwiko alitaka kukimbia kumshika. Akajizuia, akashika beseni mpaka vidole vikauma. Honi alipofika bwawani, akaegemea fimbo akihema, ndipo mkewe akatoka na kopo la chakula, akampa. Honi akakimwaga, kingi kupita kiasi. Wekundu wakaja wote kwa mpigo, wakipandiana migongo, wakizibiana njia. Honi akawatazama. Midomo yake ikapinda, ikahangaika, na likatoka neno, la upande lakini zima:

"Foleni!"

Mama Mwiko alicheka hadi akakaa chini kwenye majani, na alipokaa akagundua kuwa analia.

Maneno hayakurudi yote. Yanakuja moja moja, kama abiria wa alfajiri, na mengine hayafiki. Lakini Honi hutembea kwenda na kurudi bwawani bila kuambiwa, na amemtukana kila ndege wa eneo lile. Mtaalamu wa mazoezi alipomwona, alimwomba arudie kutembea, akidhani macho yanamdanganya.

Perege walipokuwa wakubwa, Mama Mwiko alirudi kwa mfugaji kuchukua kambale alioahidiwa. Kabla hajataja samaki, alimshika mikono yote miwili, na pumba zake.

"Mshukuru Mungu, mama," mfugaji akasema kwa aibu. "Mimi nilikuuzia samaki tu."

"Yeye nimeshamshukuru. Leo nimekuja kwako."

Mfugaji akatazama pembeni, akapangusa jicho kwa kiwiko, kisha akaenda kutafuta ndoo.