Kaske ya Sikio Moja

Mama alitangaza sheria yake mbele ya sufuria ya maharage: kaske yoyote haitaingia katika nyumba yake kama sauti yake haiwezi kuipenya. Mimi nilikuwa mtu mzima, mwenye ndevu, lakini nyumba ilikuwa yake. Kwa hiyo tukaenda soko la Birere pamoja, mama na mwana, kununua kaske ya kuchezea mchezo wa bunduki kwenye simu. Chekeni tu.

Kaske, kwa asiyejua, ni vile vidude vikubwa vya kufunika masikio, vyenye mikro ya kusemea mbele ya mdomo. Jumamosi kikosi chetu cha mtaa wa Katoyi kilikuwa kinapambana na vijana wa Bukavu, na mimi ndiye niliyekuwa sikio la kikosi. Katika mchezo ule adui humwoni, unamsikia: anakanyaga majani nyuma yako, anapanda ngazi kushoto. Kwa vidude vyangu vidogo vya zamani, hatua zote zilisikika kama mtu anatafuna karanga. Wenzangu walishaniambia wazi, bila kaske nzuri wanaweka mwingine.

Mama naye alikuwa na hoja, siwezi kumdharau. Huku Goma, mlima wa moto ukinguruma ao risasi zikilia, hakuna anayengoja tangazo. Mtu mmoja anapiga kelele, wote mnatoka na watoto mgongoni. Mama ameshatuita hivyo, tukakimbia, na ndiyo sababu bado nipo hapa nanung'unika.

Muuzaji, kijana mwenye mdomo mtamu, akanivalisha moja nyeusi, nene kama godoro. "Hii, muzee, hata mlima upasuke, hautasikia kitu!" Nikamkanyaga mguu, lakini mama alikuwa amekwisha kusikia.

"Vaa," mama akasema. "Fungua ule muchezo yako. Mimi naenda ngambo ya barabara, nakuita. Tutaona."

Nikaketi kwenye kiti cha muuzaji. Mungu wangu, ile kaske! Nilimsikia adui akivuta pumzi nyuma ya ukuta. Nilisikia nyasi! Nikainama juu ya simu, nikasahau Birere, nikasahau na mama aliyenizaa.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Mama aliita jina langu. Kimya. Akaita tena. Kimya. Ndipo hasira ikampanda, akatoa ile sauti yake ya siku za hatari: "Mutoto, kimbiaaa!"

Birere nzima ikakimbia.

Wauza nyanya walibeba mabeseni, milango ya mabati ikashuka, motari akamwacha abiria wake juu ya pikipiki, na bwana mmoja akatoka kwa kinyozi amenyolewa nusu kichwa. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Muuzaji wangu aliruka meza akaniachia bidhaa zake zote, na mimi nilikuwa nimeketi pale katikati, natabasamu.

Mama ndiye aliyepiga kelele ile. Alijua hakuna kitu. Lakini alipoona umati wote unakimbia, naye akaamini! Akakimbia. Ila watu walikuwa wanateremka, yeye akapanda, anawasukuma kwa viwiko, kiatu kimoja kimebaki barabarani, anakuja kwangu. Nilichohisi mimi ni kaske kung'olewa kichwani, masikio karibu yafuate.

"Simama! Tukimbie!"

"Kuna nini?"

"Sijui! Batu banakimbia!"

"Mama, nani aliwakimbiza?"

Akatazama barabara tupu. Akatazama mguu wake usio na kiatu. "Ni mimi," akasema. "Lakini wewe haukusikia." Akaanza kucheka, bado amenishika mkono kwa nguvu, na mimi nikaona haya hata kucheka.

Watu walirudi na matusi. "Mama, uko na wazimu? Unatupasua moyo!" Naye, mkono kiunoni: "Nilikuwa naita mutoto yangu. Ninyi nani aliwaita?"

Muuzaji alirudi anahema. Bila kuulizwa, akachomoa kaske nyingine chini ya meza. "Hii imekufa upande wa kushoto," akasema. "Niko nazo nyingi. Bamama njo bananunuaka hizi." Mama akaitikia kwa kichwa, na mimi nikatoa pesa.

Jumamosi nikacheza hivyo, sikio la kuume vitani, la kushoto uani kwa mama. Mwishoni nikabaki peke yangu, nimejificha chini ya ngazi, adui wa mwisho anatembea juu yangu, polepole, hajui nilipo. Wenzangu wote wananinong'oneza: tulia, tulia, usipumue.

Upande wa kushoto mama akaita jina langu. Mara moja tu, kwa sauti ya kawaida.

"Niko hapa, mama!" nikaitika, mikro ikiwa wazi.

Adui alinisikia vizuri sana. Wenzangu walinitukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kinande. Nikavua kaske, nikatoka uani nikiwa na hasira, nikamkuta mama anachambua majani ya sombe.

"Nini, mama?"

"Hapana kitu," akasema. "Rudi ucheze."