Povu la Jirani

Jirani yangu, fundi cherehani, hutia maziwa ya moto kwenye chupa ya jemu aliyoizungushia kitambaa, akaitikisa huku midomo ikihesabu kama anayepima nguo. Akifika mia, huyamimina juu ya kahawa na kunyunyiza sukari kuona kama povu litaibeba. Ikizama, anaanza upya. Wifi yake, aliyewahi kufanya kazi hotelini, humcheka kila akija: "Bila mashine, wifi yangu, hilo ni povu la kufulia!" Jumapili iliyopita sukari ilikaa juu. Tukahesabu sote watatu mpaka ishirini, haijazama. Wifi akanywa, akajilamba mdomo, akasogeza kikombe kitupu. "Haya, fundi, niongeze." Jirani alikuwa keshaanza kutikisa chupa, mabega yakicheza.