Jina la Nani Liandikwe?

Saa moja asubuhi, kochi kuukuu linatolewa nje ya karakana, miguu juu. Mwanamke mwenye aproni iliyojaa gundi anapiga magoti kando yake, anang'oa pini zenye kutu kwa bisibisi na kuzitia koponi.

"Ukiacha hata moja, itamchoma mteja pabaya," anasema, bila kucheka.

Wateja humwita Mama Sponji. Ndani, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, anapiga randa mbao. Mume ndiye aliyeanzisha kazi hii. Alipofariki, mjane alishika cherehani, shemeji akashika msumeno. Hakuna aliyemuuliza mwenzake nani bosi.

Mwezi mzuri, mapato hutosha kodi ya nyumba mbili na ada za watoto. Mwezi mbaya, wanagawana kinachobaki.

Wengi wakisikia biashara ilikaa miaka bila kusajiliwa hudhani mwenyewe alikuwa anakwepa kodi. Yeye anakataa.

"Mtoza ushuru ananijua vizuri, hapiti bila kunisalimia. Kilichonitisha ni jina. Ukiandika moja, lingine umelifuta."

Mwaka jana hoteli moja ilitaka viti arobaini vivishwe upya, kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Lakini meneja alitaka risiti ya biashara iliyosajiliwa. Mama Sponji akaenda ofisi ya usajili. Karani akamuuliza, "Mmiliki ni nani?"

"Nikamwambia, subiri kidogo, nakuja. Nikatoka, nikaenda zangu nyumbani."

Alipomweleza shemeji, jibu lilikuja haraka: "Andika lako." Kisha akanuna. Alipigilia misumari kama anayegombana nayo, chai akanywea nje peke yake. Siku ya tatu akaweka nyundo chini.

"Kaka alisema kazi hii ni yetu sote, shemeji. Sasa karatasi iniite kibarua wako?"

"Na likiandikwa lako? Kesho ukioa, mkeo akinionyesha mlango, nitakwenda wapi na watoto wa kaka yako?"

"Nani atanikubali na vumbi hili?"

Wakacheka wote wawili. Halafu wakakaa juu ya kochi la mteja wakayasema yote waliyokuwa wameyameza tangu msiba, hadi mchana ukapita bila kazi kufanyika.

Walikubaliana kusajili kwa ubia, majina yote mawili. Ilihitaji mkataba, mashahidi na gharama zaidi, na hati ikachukua wiki kadhaa. Hoteli haikungoja. Viti vilikwenda kwa fundi mwingine.

"Iliniuma, sikufichi," anasema Mama Sponji. "Nilipita pale nikaona vinapakiwa garini, nikageuza uso. Lakini afadhali kukosa viti kuliko kumkosa shemeji."

Mpaka sasa hati hiyo imewaletea kazi moja tu ya maana: mabenchi ya chumba cha kusubiria katika zahanati. Malipo yaliingia benki, kwenye akaunti inayohitaji sahihi za wote wawili.

Fedha hizo bado hazijaguswa. Mama Sponji anataka kukodi chumba cha jirani afundishe wasichana kuvisha makochi. Shemeji anataka pikipiki ya magurudumu matatu ya kusambazia mizigo. Wanabishana tangu asubuhi, sauti zikishindana na msumeno.

"Tutabishana mpaka tupate vyote viwili," anasema Mama Sponji, akivuta kitambaa kipya juu ya sponji. "Siku hizi ugomvi wetu hauna hofu. Hakuna wa kumfukuza mwenzake."