Methali za Robi Zisizo na Maneno

Robi wa Butiama alikuwaga na mdomo, jamani. Hukupita uani kwake bila kutupiwa methali ya Kizanaki, ukaenda nayo mpaka kwako. Kisha kiharusi kikampiga, kikamwachia methali tu. Maji hakuweza kuomba, majina ya wajukuu yalimpotea, ila methali zilitoka nzima nzima.

Binti yake Adventina, mwalimu wa violini pale Musoma, aliogopa mama akiondoka zitaondoka naye. Akamrekodi kwa simu. Kizanaki hupanda na kushuka kama wimbo, basi maneno akayaacha, akachukua ile sauti tupu, akaiandikia violini yake, selo ya mwenzake Isaya na litungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, la mwenzake Mseti. Walipopiga methali ya kwanza kwenye ukumbi wa parokia huko Bunda, bibi wawili wa Kizanaki waliokaa nyuma waliitambua wakacheka. Adventina alilia kwa furaha.

Kesho yake akapiga simu Eunice, jirani aliyemtunza mama. Alisema ile waliyopiga jana, mama hajaisema tena. Adventina akajibu ni umri. Wakapiga ya pili, nayo ikapotea kinywani mwa mama. Ya tatu vilevile. Mwenye akili zake angeacha, lakini huyu alikuwa na sababu ya kila kitu: dawa, baridi, uchovu. Hata Mseti, asiyeogopa kitu, akaanza kulifunika litungu kwa shuka wakimaliza.

"Umemchukulia sauti," Eunice alimwambia siku moja. "Maneno yatasimama wapi?"

Ikabaki moja. Ndiyo ile Robi aliyoianza kwa kumwita binti yake, na tangu augue jina la Adventina halikutoka kinywani mwake ila humo. Adventina alishaiandika. Akaitazama karatasi. Alimtaka mama yake amwite, basi, hakutaka kingine. Wenzake hakuwaonyesha. Akaichana, akafuta na sauti kwenye simu, akapanda gari kwenda Butiama.

Alimkuta mama ameketi kitandani, macho mlangoni. Robi akafungua kinywa. Halikutoka jina. Ilitoka violini: noti nne za jina la Adventina, ambazo hakuna mkono uliowahi kuzipiga, safi kabisa, hazina pumzi ndani yake. Eunice akaweka sufuria chini, akatoka nje.

Robi akanyamaza hapo. Siku zote alikuwaga hivyo: akishakuita, methali haiendelei mpaka uitike. Macho yake hayakupepesa. Adventina alielewa kwamba akiitika, iliyobaki itatoka yote kwa violini, ipotee kama zile nyingine, na baada ya hapo mama hatakuwa na kitu tena cha kumwambia. Akatamani kukimbia. Lakini tangu azaliwe hakuwahi kuitwa na mama yake akakaa kimya.

"Abee, mama," akasema.