Babu Suud na Ubao wa K.M.

Babu yangu alioa kwenye hitima ya mtu asiyemjua.

Msinicheke bado.

Enzi hizo gari la moshi la Bububu lilikuwa jipya, na babu Suud ndiye aliyechora mbao za vituo. Kijana wa mjini, kajifunza herufi za kizungu, basi kichwa kikubwa! Badala ya jina zima akaandika herufi mbili mbili.

Bwana Hamad, baba wa mchumba wake Wanu, alimwambia mapema: "Suud mwanangu, mahali pana jina lake. Liandike."

"Ndo mambo ya kisasa haya, mzee. Mwenye macho ataelewa."

Ikafika siku ya ndoa. Wanu kawekwa ndani shambani kwa shangazi yake, kituo cha Kwa Miraji.

"Adhuhuri ikipita hujafika," Hamad alionya, "mwanangu humpati."

Babu akapanda gari la moshi, joho begani, ananukia haludi. Huko alizoea kwenda kwa punda, njia nyengine kabisa. Kuona ubao wa K.M., huyoo, kashuka.

Akakuta mikeka, wanaume na kanzu zao, pilau inanukia. "Karibu! Karibu!" Kwetu mgeni haulizwi jina kabla hajala. Akakaa, akala.

Kisha akasikia: "Mola amrehemu marehemu wetu."

Tonge likamkwama. Hapo palikuwa Kwa Machano! Vituo viwili, herufi zile zile, na mbao zote alizichora mjini bila kufikiri.

Kuondoka kabla ya dua ni aibu. Adhuhuri ishapita. Na yeye alimpenda Wanu mpaka basi.

Akageuka kuomba maji. Nani yuko mkeka wa pili, mashavu yamejaa pilau?

Bwana Hamad! Pembeni yake Mwalim Shamsi, aliyeletwa naye kufungisha ndoa; nao K.M. ile ile imewashusha.

"Shikamoo," babu akasema.

"Marahaba, mwenye macho."

Dua ikaisha. Baba yupo, bwana harusi yupo, mashahidi tele, na bibi harusi kwetu hakai mkekani ndoa ikifungwa, babake humwozesha. Wafiwa wakaruhusu ndoa ifungwe hapo hapo.

"Mahari?" akauliza Mwalim.

"Mwanangu kaniachia mimi nitaje," Hamad akasema. "Kila ubao uandikwe jina zima, kwa herufi za Kiarabu tunazozisoma sote. Kabla ya hapo, Wanu haonekani."

Babu alichora siku nne. Ya tano, Wanu akapanda gari la moshi na buibui lake, akasoma ubao mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Ndipo akamfunulia uso.

Funzo: ukifupisha jina la mahali, jiandae kurefushiwa safari.