Mgeni Aliyeshangiliwa Barabara ya Kipushi

Chola Kunda aliondoka Chingola, Rhodesia ya Kaskazini, wakati wa kiangazi cha mwaka 1951, na hakuwa na shughuli yoyote ng'ambo ya mpaka. Alikuwa msaidizi wa mafundi wa mabomba mgodini, mtu wa miaka thelathini hivi, mpole, ila maswali yake yalikuwa hayaishi. Mjomba wake, aliyewahi kufanya kazi ya reli Élisabethville, mji wa Katanga ng'ambo ya mpaka, alikuwa amemfundisha Kiswahili kidogo, na siku moja akamwambia kwamba kule kila chenye magurudumu hupita upande wa kulia wa barabara. Jambo hilo lilimkaa Chola kichwani. Mji mzima? Hata anayesukuma toroli? Alipopata likizo alifunga blanketi na sufuria nyuma ya baisikeli yake, akamwambia mkewe Kalaba, "Naenda kuona," akashika njia ya msituni.

Asubuhi ya Jumapili alifika kwenye kizuizi cha mpaka, upande wa Kipushi. Askari alisoma karatasi zake.

"Unaenda kufanya nini Élisabethville?"

"Kuona."

"Kuona nani?"

"Kuona tu, bwana askari."

Askari akamtazama, kisha akalitazama gurudumu la mbele la baisikeli. Chola alikuwa amelijaza nyasi kavu, kwa sababu mpira wa ndani ulimpasukia porini na hakuwa na kiraka. "Haya, pita," askari akasema. "Lakini huku ni mukono ya kuume. Ukipita kushoto, motokari itakukanyaga."

Kumbe ilikuwa kweli! Chola akavuka barabara, akapanda, akaanza kwenda upande wa kulia huku akicheka peke yake. Mwili haukukubali. Kila alipowaza jambo jingine, baisikeli ilijirudisha yenyewe kushoto, na mara moja lori lilimpigia honi hadi akaingia kwenye majani.

Mbele ya kanisa la Kipushi aliona wanaume wengi wakijaza upepo magurudumu ya baisikeli zao. Kila mmoja alikuwa na kitambaa chenye namba mgongoni. Chola akadhani ni matarishi wa posta, akawapungia mkono, akaendelea. Alitaka kuuona mji kabla jua halijawa kali.

Njia ilikuwa nzuri kuliko alivyotazamia. Alipita vichuguu virefu kuliko nyumba yake, akawapita akina mama waliobeba vikapu vya sombe, majani ya muhogo, akasimama kusoma vibao ambavyo herufi zake alizijua na maneno yake hakuyajua. Gurudumu la nyasi lilimchelewesha, lakini hakuwa na haraka.

Alipokaribia mji akaanza kuona watu wamesimama pande zote mbili za barabara. Walikuwa wamevaa nguo za Jumapili. Walipomwona wakaruka.

"Anakuya! Wa kwanza anakuya! Allez! Allez!"

Chola hakujua Kifaransa. Lakini kwa Kibemba, lugha yake, ukisema "ale" umeanza kueleza kwamba mtu yuko katika kufanya jambo, na bado hujalitaja lenyewe. Kwa hiyo alisikia umati mzima ukisema juu yake, "Anafanya... anafanya..." na hakuna aliyemaliza. Ninafanya nini? akajiuliza. Akajitazama suruali. Ilikuwa sawa.

Akaona heri awasalimie watu, maana ni utovu wa adabu kuwapita wazee ukiwa juu ya baisikeli. Akashuka, akachuchumaa mbele ya mzee mmoja mwenye kofia, akapiga makofi polepole kama alivyolelewa. Mzee akashika kichwa.

"Usishuke! Weye, panda kinga yako! Benzako beko nyuma!"

Vijana wawili wakamwinua, wakampandisha baisikeli, ile waliyoiita kinga, na kumsukuma. Chola akakanyaga pedali kwa nguvu, akiamini anafukuzwa. Lakini waliomfukuza walikuwa wanacheka kwa furaha, na jambo hilo lilimshinda kabisa. Akakata kona, akaona tarumbeta zinapigwa, akaona kamba ya karatasi nyekundu imezuia barabara. Hakupata nafasi ya kufunga breki. Kamba ikakatika kifuani pake, na watu wakamvamia.

Walimmwagia maji kichwani. Walimvika shada la maua. Mwanamume mwenye miwani, Anaclet, katekista wa parokia, akamkumbatia akamwuliza namba yake iko wapi, lakini tarumbeta zikameza swali. Kisha akamshikisha taa mpya ya baisikeli, ile inayowaka kwa dinamo.

Chola akaipokea kwa mikono miwili. Kando yake palikuwa na mama mnene aliyeuza munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, akimpa kikombe. Mama huyo aliitwa Virginie.

"Mama," Chola akasema alipokwisha kunywa, "wageni wote munabapokea hivi?"

Mama Virginie akamkazia macho. "Mugeni? Weye haukuanza na benzako Kipushi?"

"Wenzangu gani? Niko peke yangu. Natoka Chingola."

"Chingola ya Rhodésie? Na kinga?"

"Eyo, mama."

Mama Virginie akakaa chini juu ya kreti, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Anaclet! Kuya usikie! Huyu hata hajue kama kuko course!"

Tarumbeta zikanyamaza moja baada ya nyingine. Kabla Anaclet hajasema neno, waendeshaji wa kweli wa mashindano wakatokea konani. Mbele yao alikuwa Godefroid Mwenze, mfanyakazi wa reli, mtu wa kaskazini ya Katanga, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Hakukuta kamba. Hakuna aliyepiga kelele. Akamkuta mtu asiyemjua amevaa maua yake.

"Nani huyu?" akauliza akihema. "Miye sikuona muntu mbele yangu!"

"Mwizi!" mtu mmoja akapaza sauti. Mwingine akamshika Chola shati. Sasa Chola akaelewa yote kwa pamoja, na uso ukamchoma kwa aibu. Akavua shada, akaweka taa juu yake, akampa Godefroid huku amepiga magoti.

"Kaka, sikukuibia. Nilidhani ndiyo desturi ya kwenu."

Godefroid hakupokea mara moja. Alikuwa anaangalia gurudumu la mbele. Akainama, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachomoa unyasi mmoja.

"Ulitembea na hii toka Chingola?"

"Toka katikati ya pori."

Godefroid akawageukia wenzake. "Mumuache. Huyu alitembea kuliko shiye bote."

Chola ndiye aliyetoa shauri la kuifunga kamba upya. Godefroid akakataa, akisema amechoka, lakini mama Virginie alikwisha kuokota vipande na kuvifunga fundo. Basi Godefroid akarudi konani, akaja mara ya pili, na tarumbeta zikalia. Chola alikuwa mbele ya umati, akipiga kelele "Allez!" kupita wote, sasa akijua maana yake ni "Songa mbele!"

Mchana huo alikula kwa Godefroid, bukari, ugali wa huko, na samaki, na Brigitte, mke wa Godefroid, alichoka kujibu maswali. Kwa nini hapa wanasema "iko" kwa kila kitu? Nani anaoka mikate mirefu hivi? Padri anapanda kinga pia?

Likizo ilipokwisha alirudi Chingola, akaaga kazini kwa kuwa mji ule ulikuwa umempendeza, akamleta Kalaba kwa treni. Godefroid alimtafutia kazi katika karakana ya reli. Kalaba hakuupenda mji mwaka wa kwanza. Alisema watu wake wanasema haraka mno na wanacheka kabla hujamaliza. Baadaye alianza kuuza munkoyo pamoja na mama Virginie, na watoto wao wakakua wakizungumza Kiswahili cha Élisabethville kuliko Kibemba, kiasi kwamba walipokwenda Chingola kuwasalimia bibi na babu, Chola ilimbidi akae katikati yao atafsiri.