Aliiba Programu Yangu, Asijue Usiku wa Ijumaa ni Lini

Asalaam aleikum. Admini, jina langu lizike kabisa, maana Mji wa Kale ni mdogo na kila dirisha lina shangazi. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, mwaka wa mwisho, nasomea sayansi ya kompyuta hapa hapa kisiwani. Naandika roho ikinichemka, na sitaki mtu aniambie nisamehe kabla hajanisikiza mpaka mwisho.

Huyu mtu nitamwita Nabil. Tulianza naye mwaka wa kwanza, darasa moja. Ni mtoto wa Kizingo, mtaa wa matajiri, wa kushushwa na gari mpaka mlangoni, Kiswahili chake cha kuokoteza. Mimi ndiye niliyemfunza. Mwalimu alipotwambia kompyuta huanza kuhesabu kwa sifuri, si kwa moja, Nabil akawa kila zoezi anakosea kwa hatua moja. Nikikaa naye kule ufuoni Mama Ngina, twala mihogo ya pilipili, namchorea kwa kidole juu ya ukuta mpaka aelewe. Hifadhidata, mitandao, hesabu zile za kuumiza kichwa, zote tulizipita pamoja. Akanambia tukimaliza chuo ataleta posa. Nami, mjinga wa mwisho, nikaamini.

Mradi wangu wa kumalizia ulikuwa programu ya kupanga harusi. Mwenye shughuli aandika Kiswahili chake cha kila siku, programu yenyewe yatafuta tarehe na kuwapelekea ujumbe wenye ukumbi, wenye viti, wapishi na wapambaji. Kazi kubwa ilikuwa kuifunza siku. Wa hapa munajua, siku yetu huanza magharibi. Mtu wa Mombasa akisema "usiku wa Ijumaa" ana maana Alhamisi, jua likishatua. Mamangu kazi yake ni kupamba maharusi, nikamuuliza maswali mpaka akachoka nami.

"We mwana, wasomea kompyuta ama wasomea siku?"

Sehemu hiyo ndiyo niliyoionea fahari kuliko zote.

Nabil akaniomba programu aijaribu, eti macho ya pili huona makosa. Nikampa. Akaipeleka kwa mwalimu kwa jina lake kabla yangu! Nilipopeleka yangu nikaitwa ofisini, nikaambiwa nimenakili. Nikaonyesha tarehe za mafaili, mwalimu akasema tarehe mtu huzigeuza. Nabil alikuwepo. Akatazama viatu vyake, akasema, "Mwalimu, nilimsaidia kidogo tu, msimwadhibu sana."

Msimwadhibu sana! Wallahi nilitamani ardhi immeze yeye, si mimi. Nikaambiwa nianze mradi mwingine, mahafali ya mwaka huu nisahau. Na somo la maadili ya kazi huyo alipata A, jamani.

Sasa sikizeni. Siku aliyowasilisha mbele ya darasa nilikuwa kiti cha nyuma kabisa. Akafika kwenye ile sehemu yangu ya siku, akacheka. "Hapa palikuwa na kosa langu la kuhesabu," akasema. "Ukiandika usiku wa Ijumaa ilikuwa inatoa Alhamisi. Nimelirekebisha." Walimu wale wote ni wa bara, kwao siku huanza saa sita za usiku, wakaitikia kwa kichwa. Siwalaumu. Mimi moyoni nikacheka hata nikajiogopa.

Haukupita muda dadake Nabil akachumbiwa. Harusi imepangwa kwa programu "yake", na amewaambia walimu hiyo ndiyo itakuwa jaribio la mwisho la mradi. Ikifana, alama zake zimetimia. Mamake ni mzaliwa wa Mji wa Kale, aliolewa tu huko Kizingo, naye akaandika kwenye programu kuwa kupamba, ile shughuli ya wanawake ya kumuonyesha bi harusi, ni usiku wa Ijumaa. Wageni wamealikwa kwa mdomo. Mwalishi kapita nyumba hadi nyumba kwa maneno hayo hayo, na kila mwanamke akaelewa ni Alhamisi. Mpambaji ni mamangu, naye kaambiwa na mamake Nabil kwa mdomo.

Juzi ujumbe wa programu ukaingia kwenye simu ya mamangu. Alikuwa na hina mikononi, nikausoma mimi. "Ijumaa, saa mbili usiku."

"Wasemaje?" akaniuliza.

"Wathibitisha tu, mama."

Nikaufuta.

Kwa hivyo Alhamisi wanawake wa mji mzima watashuka na magauni yao na udi wao mbele ya ukumbi uliofungwa. Hakuna kiti, hakuna sahani, na mamangu kasimama na bi harusi aliyekwishapambwa, hana pa kumketisha. Ukumbi, viti na pilau vyote vyaja kesho yake. Nami nataka nimuone Nabil akiulizwa na mamake mbele ya watu: "Usiku wa Ijumaa ni lini, baba?" Mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Tatizo ni bi harusi. Nilipoitwa mwizi, katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyenipigia simu, akalia nami mpaka sauti ikamkauka. Jana kanitumia ujumbe wa sauti: "Wifi yangu niliyemkosa, njoo uniketie karibu. Usiku wa Ijumaa, usinikose."

Nimeusikiliza tena na tena. Nikisema, harusi itafana, na Nabil atachukua shahada kwa jasho langu, huku mimi nikianza upya. Nikinyamaza, ataumbuka, lakini atakayelia na wanja wake usoni ni yule aliyelia nami. Na hasira yangu, wallahi, bado haijashiba.

Nishaurini, ninyamaze ama niseme? Ila musichelewe kunijibu. Shughuli ni usiku wa Ijumaa, na nyinyi wa hapa munajua ni lini.